Kula Mbele Yako

Jumamosi, 3 Mei

Nimekuna nazi hadi kidole kikachubuka. Wali umeiva, samaki ameiva, sote tumekaa. Athman hajala. Kama jana. Amechovya biskuti kwenye chai mpaka kikombe kikawa uji, akanywa, kisha akajilaza mkekani saa ya kucheza. Ana miaka mitano na analala kama mzee.

Jana tulimpeleka zahanati. Muuguzi alimvuta ukope wa chini akatuonyesha. Ndani kweupe. Tuliporudi nilijitazama kwenye kioo. Wangu mwekundu. Ndugu yangu damu imempungua. Amepewa dawa ya maji, lakini muuguzi amesema dawa peke yake ni kujaza mtungi wenye ufa. Chakula ndicho kitakachoziba ufa. Tumrudishe mwisho wa mwezi.

Mama amesema ikiwa hatapata nafuu, Athman ataenda kukaa Mombasa kwa Khalati, dada yake Mama, karibu na hospitali kubwa. Huenda mwaka mzima. Mimi sitaki.

Na bado nina furaha, naona haya kuiandika. Jumatatu Mwalimu Rukia anaanza somo la lishe ya watoto. Wiki hii hasa. Kama niliyemwomba.

Jumatatu, 5 Mei

Leo sikutaka kengele ilie. Mwalimu Rukia alichora sahani ubaoni akaigawa. Nusu mboga na matunda. Robo samaki, maharagwe au mayai. Robo iliyobaki wali, ugali au muhogo. Niliuliza maswali mpaka wavulana wa nyuma wakaanza kunong'ona, "Daktari, daktari." Sikujali. Nimeuliza kuhusu damu. Amesema majani ya kijani, kunde, samaki, maini. Ndimu husaidia. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia damu kupata chake.

Nimekimbia njia nzima hadi nyumbani. Kila kitu tunacho. Baba analima kunde hapa hapa Chundwa. Mchicha unaota wenyewe nyuma ya kisima, mvua ya masika imeukuza hadi kwenye goti. Ndimu ziko kwa jirani. Kumbe dawa yote iko nyumbani, imekaa tu.

Kesho naanza. Nimepata sahani ya plastiki ya samawati, nimeichora mistari kwa kalamu ya wino mzito. Nzuri sana. Nimeitia chini ya kitanda isije ikaharibiwa.

Jumanne, 6 Mei

Siku mbaya.

Nilipakua kama ubaoni. Mchicha nusu, samaki robo, wali robo. Sisi wengine tulikaa kwenye sinia kama kawaida. Nikamwekea Athman sahani yake pembeni, peke yake. Nilikuwa natabasamu. Akaitazama sahani. Akatutazama sisi. Mdomo ukaanza kutetemeka.

"Mimi nitakufa lini?" akauliza.

Kisha akalia, si kwa ukaidi, kwa hofu, ile inayokata pumzi. Bibi akaichukua sahani akakimwaga chakula chote ndani ya sinia, akampakata.

Nimeelewa baadaye, Mama aliponieleza jikoni. Babu alipougua kifua mwaka jana alitengewa sahani na kikombe chake. Hivyo ndivyo afanyiwavyo mgonjwa katika nyumba yetu. Mzima hali peke yake. Athman alikuwa akimpelekea Babu ile sahani. Siku moja hapakuwa na wa kupelekewa.

Nilikuwepo. Niliyaona yote. Na sikukumbuka.

Bibi ameniambia neno moja tu: "Umemtenga." Hakupandisha sauti. Bora angenipiga.

Jumatano, 7 Mei

Sikuingia jikoni. Athman amekunywa chai tu. Mama amezungumza na Khalati kwenye simu. Nimesikia ikitajwa shule ya Mombasa. Nimemkasirikia Mama, nimemkasirikia Khalati, nimemkasirikia hata Mwalimu Rukia na chaki yake. Zaidi mimi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeona kitu. Nimeona kitu.

Baada ya swala ya Ijumaa tulikaa kwenye sinia. Wali wa nazi katikati, kitoweo kando kando. Mimi nilikuwa na huzuni, sikuwa na hamu ya kula, kwa hiyo nilikuwa natazama. Binamu yangu alinyoosha mkono kuvuka wali achukue kichwa cha samaki kilichokuwa mbele ya Baba. Bibi akampiga kofi jepesi la vidole. "Kula mbele yako." Hatuvuki. Hata mgeni wa miaka mitatu atajifunza kwetu kwamba mkono hauvuki sinia. Ni adabu ya dini na ni adabu ya Bibi.

Basi nikatazama mbele ya kila mtu kuna nini. Mbele ya Baba, mchicha na samaki. Mbele ya Mama, mchicha. Mbele ya Athman, wali mweupe na viazi. Kila siku viazi. Na si Athman anayeviweka. Ni Bibi. Bibi ndiye anayepanga sinia, ndiye anayechambua miba na kumsogezea kila mtu fungu lake. Tangu nizaliwe nakula alichonisogezea na sijawahi kuwaza.

Mwalimu alichora sahani. Sisi tuna sinia. Sinia nayo ina mafungu. Nilichokosea si chakula. Nilikosea mahali.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemfuata Bibi uani. Alikuwa akichambua majani ya kunde. Nikakaa nikachambua naye kimya, kwa sababu ukimwanza Bibi na maneno unashindwa kabla hujaanza. Nikamwomba msamaha wa ile sahani. Akasema limekwisha. Ndipo nikamwuliza kwa nini humwekea Athman viazi.

Akasema kwa sababu ni laini, na mtoto asiyekula anapewa atakachokubali, ili apate kitu. Sauti yake ilikuwa na uchovu. Nikaona kwamba na yeye anaogopa. Nilidhani ni mimi tu.

Nikamwambia yote ya Mwalimu Rukia. Majani, kunde, ndimu. Nikafika kwenye chai nikasita. Chai ya Bibi, yenye iliki na maziwa, ndiyo anayomlelea Athman. Nikasema hivyo hivyo. Chai isikae pamoja na chakula, ingoje alasiri.

Bibi akaweka majani chini.

"We Tima, uzaliwe mikononi mwangu, kisha uje unifundishe kulisha?"

"Sikufundishi, Bibi. Naomba mkono wako. Wangu, Athman hana habari nao."

Akacheka mpaka ushungi ukateleza. Kisha akaniwekea sharti. Mimi huwa nayatoa majani ya mnavu kwenye wali nikayaficha chini ya miba, nadhani hakuna anayeona. Bibi anaona. "Takaa kando yake. Atakachowekewa yeye tawekewa na wewe. Nikuone."

Mnavu ni mchungu kama shubiri. Nimekubali.

Jumapili, 11 Mei

Amekula.

Nitaandika pole pole nisisahau. Bibi alipika majani ya kunde kwa tui zito, akayakata madogo, akakamulia ndimu. Akayaweka mbele yetu wawili, mimi na Athman, na samaki aliyechambuliwa juu yake. Viazi akavipeleka ng'ambo kwa Baba. Athman akaviona. Mkono wake ukaanza safari. Ukafika katikati ya sinia, na vidole vya Bibi vikaushukia.

"Mbele yako, bwana mkubwa."

Athman akashusha pumzi kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Akanitazama. Mimi nikala tonge la majani, nikatafuna, nikameza, sikukunja uso. Akala moja. Akangoja, kama anayesikiliza tumbo litasema nini. Akala jingine.

Baba aliinama akajifanya anatafuta mwiba. Mama aliangalia mlango. Hakuna aliyempongeza, Bibi alitukataza mapema. Mtoto akipongezwa kwa kula, amesema Bibi, kesho atataka kulipwa.

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilipiga ndani kwa ndani.

Jumatano, 14 Mei

Vita vya chai. Athman ameililia wakati wa chakula cha mchana mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Bibi ameificha thamosi nyuma ya gunia la mahindi. Alipochoka kulia akanywa maji akala kunde kidogo. Kidogo sana.

Alasiri ulimi wake ulikuwa mwekundu, meno mekundu, vidole vyekundu. Mabuyu. Ubuyu wa sukari na rangi. Nikauliza nani amempa. Athman akamtazama Bibi. Bibi akautazama ukuta.

Baadaye amesema moyo ulimshinda. Sikumlaumu. Nimeambiwa na mwalimu kwamba tabia ya nyumba haibadiliki kwa mtu mmoja, nami sikumwelewa mpaka leo.

Jumamosi, 17 Mei

Tumeenda shambani na Baba. Nilimwomba Athman aje, ingawa Mama aliona atachoka. Alichoka, Baba akambeba sehemu ya njia. Lakini alichuma majani ya kunde mwenyewe. Baba alimwonyesha, machanga tu, yale ya juu, mengine yaachiwe mmea. Akayafunga kwenye kanga ya Mama akakataa kusaidiwa.

Kwenye sinia aliuliza yako wapi majani yake. Yake. Bibi akamwekea. Akala akamwambia binamu yetu asisogee. Kisha akashika fungu dogo kwa vidole akalisukuma hadi mbele ya Baba. "Hiyo nimekupa."

Kuvuka kuchukua, hapana. Kuvuka kutoa, ruhusa. Hilo hakufundishwa na mtu. Ameliona kwa Bibi.

Nimecheka peke yangu hadi sasa ninapoandika.

Alhamisi, 22 Mei

Mama amenunua begi. Bluu, lina zipu. Limening'inia msumarini chumbani na halina kitu.

Mama hana ubaya. Ni vile tu ana hofu, na mwenye hofu hujiandaa. Lakini nikiliona begi lile nageuza uso.

Leo Athman amekimbizana na kuku mpaka kuku akachoka. Nikamwita Mama aone. Alipofika Athman alikuwa amekaa. Nikasema nimemwona kwa macho yangu. Mama akasema, "Tutajua zahanati."

Jumanne, 27 Mei

Mnavu si mchungu kama zamani. Sitamwambia Bibi.

Athman ameomba papai. Ameomba. Hakuletewa.

Nimemvuta ukope akiwa amesinzia. Sina hakika. Naona waridi, kisha naona ninachotaka kuona. Nimeutoa mkono.

Ijumaa, 30 Mei

Tulienda sote, hata Bibi, ambaye magoti yake hayapendi njia ile. Muuguzi alikuwa yule yule. Alimvuta ukope. Akamtoboa kidole, Athman akanibana mkono wangu lakini hakulia. Tukangoja kwenye benchi. Nilisoma kila neno la kila bango ukutani, sikumbuki hata moja.

Muuguzi akarudi. Akasema damu haijatimia. Kisha akasema, lakini imepanda, na imepanda vizuri, na akamwuliza Mama mnampa nini huko nyumbani. Mama akamwelekezea Bibi kidole. Bibi akanielekezea mimi.

Mama akauliza la Mombasa. Muuguzi akasema kwa hali hii haoni sababu ya kumhamisha mtoto. Aendelee na dawa, aendelee kula anavyokula. Na hapo anapokula.

Nilitoka nje. Nikakimbia hadi mwisho wa ukuta nikarudi. Nikakimbia tena. Athman akadhani ni mchezo akanifuata, na hakusimama kupumzika. Mama alikuwa mlangoni. Safari hii ameona mwenyewe.

Jumapili, 1 Juni

Mvua ya asubuhi, kisha kimya. Mama amempigia Khalati simu. Khalati atakuja yeye kutuona Iddi. Begi liko msumarini, Mama ametia ndani vitambaa vya kushonea.

Mchana Bibi alinawa mikono akakaa mahali pake, hakugusa sinia. Akasema leo mikono yake imechoka, nipange mimi. Mikono yake haikuwa imechoka.

Nikapanga. Mbele ya Baba kunde. Mbele ya Mama mchicha na kichwa cha samaki, anakipenda na siku zote humwachia Baba. Mbele ya Bibi samaki laini asiye na mwiba, kwa sababu ya meno yake, na sikujua mpaka leo kwamba hakuna aliyekuwa akimpangia. Mbele ya Athman majani yake, na kiazi kimoja.

Mbele yangu nilisahau kuweka. Palikuwa na wali mtupu.

Tukasema Bismillahi. Athman alikitazama kiazi chake. Akakikata kwa vidole, akasukuma kipande hadi mbele yangu, akaendelea kula.

Sahani ya samawati inafunika mtungi wa maji. Mistari imeanza kufutika.