Mchungaji Alichukua Kitabu Changu cha Maiti

Mama Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumapili haijafika. Mimi hufundisha watoto shule ya Jumapili hapa Nkubu, na tangu mwaka jana nimenaswa na vitabu vya hadithi fupi za kutisha, vile vya maiti wanaorudi nyumbani na wanawake wenye kwato, navitoa sokoni kwa muuza vitabu vikuukuu, na navipenda kwa sababu hadithi moja huisha kabla githeri haijaiva, nashtuka vizuri halafu nainuka mwepesi kama mtu aliyetoka kulia, sasa mwezi uliopita nikaingia na kimoja kanisani ndani ya jalada la kitabu cha nyimbo, mahubiri yalikuwa marefu, na maiti alipobisha mlango nikapiga yowe, kanisa zima likageuka, Mchungaji Hezekiah akashuka, akafungua lile jalada na kusema, "Gacheri, huu si wimbo." Alikichukua akisema anakwenda kukichoma, na ameamuru Jumapili hii nisimame nikiri kwamba nina pepo, la sivyo niache kufundisha. Mume wangu Mutegi anasema nikiri tu yaishe. Lakini juzi Kiende, mke wa mchungaji, alinivuta kando kwenye kituo cha kupimia majani chai akaninong'oneza, "Nimekimaliza. Uko na kingine?" Je, nimtaje, au nikiri pepo ambalo sina?

Gacheri, Nkubu

Gacheri, pole, lakini makosa unayo. Ulienda kumwona Mungu ukabeba maiti. Mahubiri yakiwa marefu, sinzia kama wenzako. Kwa hilo simama useme, "Nilisoma hadithi wakati wa ibada, nisameheni," kisha ukae.

Pepo usilikiri. Huwezi kudanganya mbele ya watoto uliowakataza uongo. Anayependa kutishwa na karatasi ni mtu mwenye hofu za kweli, homa ya mtoto, mvua iliyokataa, na anatafuta hofu moja anayoweza kuifunga na kuisukuma chini ya godoro. Kiende naye anazo, pengine kukuzidi, maana anaishi na mchungaji. Usimtaje. Utashinda asubuhi moja na kumpoteza mtu pekee wa kuongea naye mambo hayo. Mpelekee kingine, mchana, mumewe akiwa ziarani.

Mutegi mwambie leo utakachosema, naye aketi kando yako.

Mchungaji akikuondoa hata hivyo, mkabidhi daftari la watoto kwa heshima na uende nyumbani. Watakapouliza mwalimu yuko wapi, awajibu yeye.