Matamshi Niliyomwandikia Doreen

Jumatatu, 6 Oktoba
Usafi, mstarini, Baiolojia. Kama kila Jumatatu. Halafu zamu ya kusoma ikanifikia. Neno *larvae*, yaani mabuu. Nikalisoma lilivyoandikwa, la-va-e, kama mtu yeyote aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili. Doreen ndiye aliyeanza.

"Hiyo lavae ni ya Kalinzi au ya wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Bibi yangu anaishi Kalinzi, kijijini, na Doreen anajua. Tangu mapumziko naitwa Lavae. Namchukia.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeazima simu ya kaka. Ina kamusi inayosema. *Larvae* ni laavi. *Algae* ni alji. *Hypotheses* inaishia na siizi ndefu, huwezi kuotea. Haya maneno Waingereza waliyaokota Kilatini na Kigiriki, wakayabeba pamoja na wingi wake, kisha wakayatamka wanavyotaka. Sawa. Lakini leo Doreen kasoma "lavei" na hakuna aliyecheka. Baba yake kahamishiwa huku kutoka Dar, basi kila anachosema ni Kiingereza. Hajui. Anajua kucheka tu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Doreen kachaguliwa kusoma ripoti ya Klabu ya Sayansi mbele ya wageni, Ijumaa ya wiki ijayo. Inahusu wadudu wa ziwani. Akifanya vizuri, anakwenda mashindano ya mkoa. Nafasi ile niliitaka mimi. Sikunyoosha mkono. Sinyooshi kamwe.

Mwalimu kanipa kazi ya kumwandikia matamshi kwa penseli juu ya maneno magumu, kwa herufi za Kiswahili, kama tunavyofanya wote. Eti mimi ni makini.

Nimeandika. *Larvae*: laveizi. *Algae*: algeizi. *Hypotheses*: haipothesia. Mwandiko mzuri kabisa. Nilikuwa natabasamu.

Ijumaa, 17 Oktoba
Hakuna aliyecheka.

Doreen kasema laveizi mara sita, kidevu juu. Wageni wakapiga makofi. Mkuu wa shule akashukuru kwa elimu nzuri ya laveizi. Mimi nyuma, napiga makofi na wengine. Anakwenda mkoani. Nimempeleka mimi.

Jumatatu, 20 Oktoba
Shule nzima inasema laveizi. Hadi mwalimu. Leo nimeitwa kusoma, nikasema laavi, sahihi kabisa. Wakacheka kuliko mara ya kwanza. Doreen hakucheka. Alinirekebisha taratibu, kama mtu na mdogo wake.

"Ni laveizi, Ashura. Si wewe uliyeniandikia?"

Upole wake umeniuma kuliko kicheko. Majaji wa mkoa wanatoka chuo kikuu. Wao watajua. Wamcheke mpaka arudi Dar.

Alhamisi, 23 Oktoba
Jana Doreen alikuja kwetu Buzebazeba kufanya mazoezi. Kampa mama shikamoo, kala ugali na samaki, migebuka, akaomba tena. Alivyokuwa ananawa akasema anatetemeka akiwafikiria majaji. Na kwamba baba yake atakuja. Hajawahi kuja kumsikiliza popote.

Usingizi ulikataa.

Leo nimemwambia. Nyuma ya maabara, yote. Kwamba niliandika vibaya kwa makusudi, kwa sababu ya Kalinzi. Nikamwambia asikilize kamusi kwenye simu ya baba yake. Akanitazama kama mtu anayetazama mwizi.

"Unaona wivu. Mkuu wa shule mwenyewe anasema laveizi. Sasa nakwenda, ndo unataka niharibu."

Nikaenda mpaka mlango wa ofisi ya walimu, nimwambie mwalimu. Niliwasikia wanaongea ndani. Nikageuka. Mimi ni mwoga, hilo ndilo jina langu.

Jumamosi, 25 Oktoba
Mashindano yanaanza saa nne. Niko sokoni Mwanga na mama, nashikilia chupa, yeye anamimina mawese. Kaniuliza mbona sikumsindikiza rafiki yangu. Nikasema kaenda na baba yake.

Saa nne imepita. Na robo. Nafuta chupa, nafunga kifuniko, nashika nyingine. Sasa hivi atakuwa amesimama mbele, baba yake kakaa mstari wa kwanza. Nilichokitaka kinatokea. Nimebaki kuomba mvua tu, ile kubwa ya kupiga bati mpaka watu wasisikilizane, majaji wasiambulie hata neno moja.

Nimetoka kwenye kibanda kuangalia juu. Jua kali. Hakuna hata wingu.