Homa ya Kila Wiki ya Tatu

Tabora, Jumanne, Oktoba 1974.

Joto kali. Mawingu yamejikusanya tangu asubuhi na hayajatoa hata tone. Nina hasira, na kwa mara ya kwanza naandika bila kuandaa rasimu.

Leo daktari aliniita hospitalini kuhusu mwanangu Sadiki, mwenye umri wa miezi tisa. Kwa wiki sita Zuwena, mke wangu, alimpeleka huko mara mbili kila wiki ili atolewe damu na kupimwa. Wiki mbili zilizopita aliacha.

"Ndugu, mama yule hakukosa hata siku moja," alisema daktari. "Mbona haji tena?"

"Amesafiri," nilijibu.

Uongo. Nilimfukuza.

Shangazi yangu ndiye aliyeanza, Sadiki alipotokwa na majipu na vidonda vya mdomo kwa mara ya nne. "Amebemendwa huyo, mwanangu! Mkeo ametoka nje naye ananyonyesha. Hospitali wanamnyonya damu tu, na wewe umekaa unawaandikia watu barua!" Nami, ambaye watu hunijia kutoka Nzega na Usinge niwaandikie malalamiko yao kwa Mkuu wa Wilaya, nikaketi nikaandika shauri dhidi ya mke wangu mwenyewe. Kurasa tatu. Nilizisoma kwa sauti mbele ya balozi wa nyumba kumi na majirani. Niliandika "mwenendo usiolingana na heshima ya ndoa", na balozi akaniomba nilirudie fungu hilo kwa jinsi lilivyompendeza.

Nikalirudia!

Ushahidi sikuwa nao. Hakuna aliyeuliza. Zuwena alimfunga mtoto mgongoni, akaniambia mlangoni: "Umeandika vizuri, baba Sadiki. Hata mimi ningeamini." Akaenda kwa wazazi wake Igalula.

Leo daktari alinionyesha karatasi ya hesabu. Chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, hupungua kwa Sadiki karibu kumalizika kila wiki ya tatu, kisha hurudi zenyewe. Zikipungua, ndipo homa na vidonda huja. Ni maradhi ya kurithi. Hayahusiani na maziwa ya mama wala mwenendo wake. Dawa ya kuyaondoa hana, lakini anazo sindano za kupambana na homa, iwapo mtoto atafikishwa siku ile ile inapoanza. Akicheleweshwa, anaweza kufa. Kwa hesabu yake, homa nyingine itaanza karibu na Ijumaa hii.

Aliniuliza ni nani katika ukoo wetu huugua vidonda vya mdomo mara kwa mara. Nikasema hakuna.

Niliporudi nyumbani nilifungua shajara hii nitafute tarehe ya homa ya kwanza ya Sadiki. Nikakutana na maandishi yangu mwenyewe: "Vidonda vya mdomo, nimeshindwa kula." Wiki tatu mbele: "Homa, vidonda." Wiki tatu tena. Mwaka mzima! Mara nimelaumu nanasi, mara pilipili ya shangazi. Marehemu baba naye kila mwezi alikuwa na siku zake za kunywa uji tu, tukimcheka.

Maradhi yametoka kwangu.

Shangazi nimemsomea tarehe moja baada ya nyingine. Amesema, "Vitabu vyako vimekutia wazimu," akaendelea kupepeta mchele. Nilitaka kuupindua ungo ule. Lakini shangazi hajui kusoma, na kurasa zile tatu hakuziandika yeye.

Balozi nimempelekea taarifa ya mistari minne: nilisema uongo, mke wangu hana kosa, maradhi ni ya ukoo wangu, isomwe mbele ya watu wale wale. Ameipokea, akauliza kama siwezi kuiremba kidogo. Nimemjibu kwa maneno ambayo sitayaandika humu.

Barua ya Zuwena nimeianza mara tano. Kila mara naanza na "Kwa heshima na taadhima." Nimezichana zote.

Kesho asubuhi napanda garimoshi kwenda Igalula na shajara hii mkononi, azione tarehe kwa macho yake, kisha aamue. Akikataa kukaa behewa moja nami, apande yeye na mtoto, wawahi kwa daktari kabla ya Ijumaa. Mimi nitarudi kwa miguu kandokando ya reli. Babu yangu alikuwa mpagazi, akaitembea njia hiyo na mizigo ya watu wengine kichwani.

Huu ni wangu.