Samaki Waliokataa Maji Matamu

Mandewa, Singida
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naamini barua hii inakukuta mzima, na ule mguu uliokuwa unavimba umetulia. Mdogo wangu Joshua naye hajambo? Mwambie unga wa uwele umefika salama, na kuku pia, ingawa yule jogoo alishuka kwenye basi akiwa na hasira na bado anazo. Sisi huku wote wazima. Mume wangu Calist anaendelea na kazi yake ya madirisha ya alumini. Mjukuu wako Shukuru ameota meno ya nyuma na anauma kila kitu, hata mimi akinyonya, kwa hiyo afya ipo.

Mama, naomba barua hii uisome mwenyewe, usimpe Joshua. Biblia unaisoma bila miwani, mwandiko wangu hautakushinda. Ningepiga simu, lakini Joshua simu yake anaiweka spika na nyumba nzima inasikiliza, hata wapita njia wa huko Mgori wanajibu. Haya ninayoandika ni yako wewe.

Ujumbe wako nimeupata, kwamba mkimaliza kuvuna alizeti Joshua atakuja kumchukua Shukuru, aachishwe ziwa huko kwako na akae mpaka umri wa shule. Nimeusikia na nakushukuru. Jibu langu lipo humu ndani. Ila niache nianze na samaki, kwa sababu nawe uliwaulizia, na kwa sababu nikianza na jibu hutanielewa.

Unawakumbuka wale mbuna wa Ziwa Nyasa. Aliwaleta Tamimu, rafiki yake Calist, yule dereva wa lori anayepeleka vitunguu Kyela na kurudi na mchele. Aliwaleta kwenye ndoo yenye mfuniko, wa njano na wa bluu wenye mistari, na Calist akawaundia tangi kwa vioo vilivyobaki kwenye kazi zake, akawapangia mawe ndani wapate pa kujificha. Jirani yangu Febronia mpaka leo hajazoea. Kila akiingia anauliza hiyo mboga itaiva lini, maana kwao hawajawahi kuona mtu anamlisha samaki badala ya samaki kumlisha mtu.

Ulipokuja mwezi wa nne, uliwahurumia. Ulionja maji ya kisima chetu ukayatema, ukasema hata samaki ni kiumbe wa Mungu, haiwezekani akae kwenye maji ya chumvi na huku tangi la mvua limejaa mpaka linamwagika. Calist alikuwa kazini. Tukayatoa ya kisima yote, mimi na wewe, tukawajazia ya mvua kwa ndoo. Nami niliona tumefanya jambo la maana. Kwetu Singida mtu akikupa maji ya mvua unywe, amekuheshimu.

Sasa nikuambie ambalo sikukuambia kwenye simu. Ulipoondoka tu, wakaanza kupauka. Yule wa njano akawa kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Wakawa wanalala chini ya mawe wanahema haraka haraka, chakula wanakiangalia kikizama. Wawili wakafa, nikawazika kwenye shina la mpapai. Wewe ulipouliza nilisema wapo, wanacheza. Nilisema hivyo kwa sababu siku ile ya ndoo ulikuwa na furaha sana, ulikuwa unaimba.

Tamimu alipopita na lori, alichovya kidole kwenye tangi, akalamba, akacheka. Akauliza nani amewaletea masika humu ndani. Akatueleza kwamba ziwa walikotoka ni la mawe matupu, na maji yake yamebeba vitu vya kwenye mawe, ndivyo vinavyowashikilia. Maji ya mvua kwetu ni matamu, lakini kwao ni kama kulishwa uji wa maji bila unga. Akaomba ya kisima chetu, akaonja, akakunja uso, akasema haya ndiyo yao, tumekaa na Nyasa kisimani halafu tunahangaika na maji ya mabati. Akatuonya tusiwabadilishie kwa mara moja tena, tuwarudishie jagi kwa jagi, mwili uzoee. Nikafanya hivyo. Rangi ikarudi taratibu, na dume la bluu lilipoanza tena kuwafukuza wenzake nikajua wamepona.

Aliniuliza ni nani aliyetushauri mambo ya mvua. Nikamwambia ni mtu aliyewapenda.

Baada ya hapo jike moja la njano likaacha kula. Kidevu kikavimba. Nikaogopa, nikajua ni madhara ya maji ya mvua yamerudi kivingine. Febronia akasema hayo ni matumbwitumbwi, nimpake masizi. Tukampigia Tamimu, akasema tumwache, huyo ana mimba ya mdomoni. Ndivyo walivyo mbuna: jike akitaga anayaokota mayai na kuyaweka kinywani, na watoto wanakulia humo humo, na siku zote hizo hali chochote, asije akawameza. Akasema pia kwamba wafugaji wengine hawangoji. Wanamshika, wanamfungua mdomo, wanawatikisa watoto kwenye chombo kingine na kuwalea wenyewe, ili mama apate kula mapema asikonde.

Calist akasema basi na sisi tufanye hivyo, maana kweli alikuwa amekonda, mgongo umekuwa kama kisu. Nikamwambia asimguse. Akauliza kwa nini. Nikamwambia tu huyu samaki leo ni wangu. Akanitania kwamba ameoa mwanasheria wa samaki. Lakini hakumgusa. Tukamhamishia kwenye beseni peke yake, na maji yake ya kisima.

Aliyewaona kwanza ni Shukuru. Asubuhi alikuwa amechuchumaa kwenye beseni, akaanza kunivuta sketi. Nikaona vitoto, vidogo kama mbegu za ufuta zenye macho, vimezagaa mbele ya mama yao. Shukuru akainamisha uso avione vizuri, na kivuli chake kilipoanguka majini, vyote vikarudi mdomoni mara moja, na mdomo ukafungwa. Mjukuu wako akalia sana. Alikuwa anasema kala, kala, akidhani mama amewala. Nikambeba, tukasimama pembeni. Punde wakatoka tena, mmoja mmoja. Akanyamaza, akaweka kichwa begani kwangu, akaangalia.

Iliendelea hivyo siku chache. Halafu siku moja walipokimbilia kwake hakufungua. Akawapa mgongo, akaenda kula. Tukamrudisha yeye kwenye tangi, na vitoto tukaviacha kwenye beseni, na sasa vinakula vyenyewe. Hili nalo nimeliandika makusudi, mama, usije ukafikiri nasema mtoto akae kifuani kwa mama yake milele. Hata yule alifika mahali akafunga. Ila alifunga mwenyewe, na watoto walikuwa wanamwona.

Sasa jibu lako. Mama, nina mimba. Sasa ina miezi minne. Nadhani ulishanisoma ulipokuja, niliposogeza mbali sahani ya dagaa ukanitazama mara mbili. Kwa hiyo najua kwa nini unamtaka Shukuru haraka. Unanihurumia, ninyonyeshe huku nimebeba. Na desturi yetu naijua, mtoto anapelekwa kwa bibi asahau ziwa. Hata mimi nilipelekwa.

Hili sijawahi kulisema. Nilipelekwa Rungwa kwa bibi, kule babu alikokuwa na mizinga yake, na ni mbali, na nauli ilikuwa shida, sikulaumu kabisa. Bibi alinilea vizuri, asali nilikula mpaka nikaikinai. Lakini bibi ndiye niliyemwita mama. Siku uliyokuja kunichukua nianze shule, nilijificha nyuma ya kanga yake. Akaniambia msalimie mama yako. Nikakuamkia kama ninavyomwamkia mgeni yeyote, nikarudi nyuma ya kanga. Ukasema unaenda jikoni kuangalia moto. Ulikaa huko sana, ukarudi macho mekundu, ukasema kuni ni mbichi.

Mama, niliamini ni kuni. Mpaka nilipomzaa Shukuru ndipo nilipojua ulienda kufanya nini jikoni.

Ulinitoa kwa upendo, na unamtaka Shukuru kwa upendo huo huo. Ndiyo maana nilianza na samaki. Joshua asije kumchukua. Calist tumeongea naye na amekubali.

Ninachokuomba ni hiki: njoo wewe. Alizeti ikiisha, mwachie Joshua nyumba na mbuzi, uje ukae na sisi mpaka nitakapojifungua. Chumba kile cha Calist cha kuwekea vioo tumeshakisafisha. Shukuru atalala kwako usiku, umwachishe kwa namna yako unayoijua, ukitaka pilipili, ukitaka mwarobaini, mimi sitaingilia hata akilia. Ila asubuhi akitoka mlangoni anikute nimekaa hapo hapo nachuja chai. Na wewe nikutazame ukiwa naye. Kuna umri wangu mzima ambao sikukuona ukilea.

Msalimie Joshua, msalimie mchungaji na kina mama wa kwaya. Calist anakuamkia sana. Febronia anakusalimu na anasema ukija atakufundisha kulisha mboga. Shukuru hapa ananivuta kalamu, hiyo mistari ya chini ni salamu zake.

Ukija, beba dumu la maji ya mvua kama bado unayo, ya kwetu yameisha. Tutayanywa sisi.

Ni mimi mwanao,
Dina