Maji Yamefika kwa Bi Thuraya

Jumamosi, mwanzo wa Novemba. Azaiba.

Asubuhi ilikuwa na ubaridi mdogo, wa kwanza tangu Aprili, ule wa kumfanya mtu azime kiyoyozi na kufungua dirisha kwa hiari yake. Sasa ni baada ya Alasiri. Nimekaa barazani, miguu nimeiweka juu ya kiti, na tope bado lipo chini ya kucha ingawa nimeshaoga. Magoti yananiuma. Mgongo usiseme.

Nna furaha. Au tuseme nimeshusha pumzi. Kwa umri wangu mambo haya mawili yamekaribiana sana.

Maji yamefika.

Wanaosoma ukurasa huu watakumbuka picha niliyoiweka mwezi uliopita, ya mfereji uliosuguliwa ukang'aa, na maneno ya majivuno niliyoyaandika chini yake. Picha nimeiacha. Maneno nimeyafuta, na leo naeleza kwa nini.

Kwa asiyejua, falaj ni mfereji wa kale unaoyatoa maji mlimani na kuyashusha mpaka kijijini kwa mteremko tu, bila pampu. Huu ninaousema uko katika kijiji kidogo chini ya mlima, mwendo mfupi wa gari kutoka hapa. Jina lake silitaji, maana wenyewe sikuwaomba ruhusa. Kwanza huchotwa maji ya kunywa, kisha ni ya msikiti, kisha huingia mashambani kwa zamu, kila shamba na siku yake, mpaka kule mkiani kabisa kwa Bi Thuraya, mjane mwenye mitende ya marehemu mumewe na mindimu aliyoipanda kwa mkono wake.

Sisi tunaokwenda kuusafisha ni wazee wa baraza moja. Karibu sote tulizaliwa Unguja, tukaondoka vijana, tukaishia huku kwa Waarabu. Wengine walipitia Kairo, wengine Dubai; mimi nilipitia Mombasa na Kuwait. Sasa kila mtu ana nyumba, watoto, na wajukuu ambao Kiswahili chao ni "njoo" na "chai". Tulipostaafu tukawa tunakutana kunywa kahawa na kuzipita kwa maneno njia za mjini kwetu, duka kwa duka, mlango kwa mlango, mpaka njia zikatwishia. Siku moja Seif, aliyekuwa injinia wa barabara, akasema amechoka kufagia vichochoro ambavyo hatuvikanyagi. Tutafute kitu kilichopo hapa tukifagie.

Ndipo tukaenda kwa Humaid. Yeye kazi yake ya mchana ni bima, lakini kijijini ndiye wakili wa falaj, yaani msimamizi wa maji, kama alivyokuwa babu yake. Alitukubali bila kutuuliza mengi. Tukaanza na mifuko ya plastiki, kisha mizizi, kisha mawe yaliyoporomoka. Mwaka mzima tukafanya vizuri.

Halafu tukafanya vizuri kupita kiasi.

Kosa letu lilikuwa kosa la watu wa visima. Nyumbani kwetu Malindi ya Unguja, kila ulipokaribia mwezi wa Ramadhani, kisima cha uani kilikaushwa. Wajomba zangu walishuka na makumbi ya nazi na mchanga, wakasugua mpaka jiwe likawa jeupe. Kisima chenye utelezi kilikuwa aibu ya nyumba. Wageni walikichungulia wasiseme neno, na kule kutosema ndiko kulikoumiza. Basi mwezi uliopita, maji yalipogeuzwa ili lango la juu litengenezwe, na mfereji ukabaki mkavu, umevaa ngozi nyeusi yenye ukijani chini na ubavuni, hatukuhitaji mkutano. Kila mmoja wetu alijua la kufanya.

Seif aliazima kwa mkwewe mashine ya kuoshea magari, inayorusha maji kwa nguvu. Sisi wengine tulishika brashi za waya. Tulisugua kama watu wanaosubiri wageni. Humaid alipita akafurahi, akapiga picha na yeye. Ile ngozi tuliikwangua yote, tukairundika kando.

Hakuna aliyeuliza ilikuwa inafanya nini pale.

Maji yaliporudishwa, mashamba ya juu yalipata. Ilipofika zamu ya Bi Thuraya, kwake uliingia unyevu tu. Tukasema labda ni lango, halijakaa sawa. Zamu yake ya pili ikafika, na unyevu wenyewe haukuwapo. Maji yalikuwa yakiishia njiani, yakinywewa na nyufa ambazo hatukujua kuwa zipo. Mindimu ilianza kukunja majani. Joto lilikuwa bado halijaondoka.

Inafaa mjue mambo ya huyu mama. Mwanawe Nasser ni daktari wa macho, anakaa mjini, Qurum. Si mtoto mbaya. Ana chumba tayari kwa ajili ya mama yake, na ana mtu anayelitaka lile shamba ajenge nyumba ya mapumziko yenye bwawa la kuogelea. Miaka yote Bi Thuraya amemjibu jibu moja, kwamba maji yakija yeye haondoki. Jibu hilo lilitosha, kwa sababu maji yalikuwa yakija.

Tulipokwenda kumwomba radhi alitusikiliza akiwa ameshika mlango wa shamba. Alisema kwa Kiarabu, bila hasira:

"Zamu ijayo nitangoja. Yasipokuja, wanunuzi waje wakate mitende."

Kisha akatuuliza kama tumeshakunywa kahawa.

Tangu siku ile chakula kilikuwa hakinipiti. Mama yangu mzazi aliacha mshelisheli uani. Alifia huku Ruwi, katika fleti juu ya duka la vitambaa, na mpaka mwaka wake wa mwisho kila aliyetoka Unguja alimuuliza kama ule mshelisheli unazaa. Watu walimjibu kuwa unazaa sana. Ulikuwa umeshakatwa zamani, na sisi wanawe tulijua. Lakini yeye aliondolewa na mambo makubwa, ambayo mimi sikuwa na kauli ndani yake. Huyu alikuwa anaondolewa na brashi yangu.

Seif alitaka tuzibe kwa saruji. Humaid alikataa, mfereji umejengwa kwa mawe na udongo wa kuchoma, na saruji haipatani nao, inajitenga na kupasuka. Wakabishana pale pale njiani, mmoja akisema mwenzake anaogopa kazi, mwenzake akisema hii si barabara. Waliachana bila ya kuagana. Na siku zilikuwa zinakwenda.

Shemsa, mke wangu, alikuwa mkunga kwa miaka mingi, kwa hiyo hana subira na mtu anayeumwa asiyesema wapi. Alikuwa jikoni anaosha chungu chake cha samaki wa nazi, kile alichokileta kutoka Pemba kwenye mkoba wa mkononi, kimefungwa kanga. Akaniona nimeisukuma sahani.

"Huli. Umegombana na nani?"

Nikamweleza yote. Akanisikiliza chungu kikiwa mkononi.

"Huo utelezi mliukwangua wote?"

"Wote."

"Na mkafurahi."

"Tulipiga picha."

"Nimeziona. Baba Khamis, siku ukikigusa chungu changu hiki kwa waya, utahamia huko huko kwenye falaj yako."

Akaendelea kuosha, kwa vidole tu, huku akininung'unikia. Chungu kipya kinatoa jasho, kila mtu anajua. Ndiyo maana hupikiwa uji kwanza, udongo ukashiba, ukafanya ngozi yake, na ngozi hiyo ndiyo inayoshika mchuzi. Ukiikwangua, umerudi mwanzo, anza tena na uji. Nilimtazama. Na yeye alikuwa ameshaacha kuosha.

Niliiacha tena sahani, safari hii kwa ajili ya simu.

Nilimsimulia Humaid habari ya chungu na ngozi yake. Akacheka, kicheko cha mtu aliyejikamata mwenyewe. Alinambia kuwa utotoni mwake, kila baada ya matengenezo, babu yake aliwaingiza mbuzi kwenye mdomo wa mfereji, wakatibua tope, na maji yakashuka rangi ya chai ya maziwa. Wanawake walipiga kelele kwa ajili ya nguo zao. Yeye siku zote aliamini mzee alikuwa mkaidi tu na mbuzi wake; kumbe tope lile ndilo lililokuwa likiziba nyufa.

Mbuzi hatukuwa nao. Tulikuwa na sisi wenyewe.

Kwanza tulipita kwa wenye mashamba, nyumba baada ya nyumba, kuwaomba wavumilie maji machafu kwa zamu moja. Kila nyumba tende na kahawa, na kila nyumba tukaelezea upya ujinga wetu. Hakuna aliyekataa. Mmoja alisema amengoja mwaka mzima kuona wazee wa mjini wanachafua kitu.

Kisha tukalirudia lile lundo letu kando ya mfereji. Lilikuwa limekauka na kuwa vumbi. Tukalichekecha kuondoa mawe, tukalilowesha kwenye karai, tukalikanyaga, tukalimimina kwenye maji kidogo kidogo, pale juu. Tuliikanyaga ngozi ile ile tuliyoikwangua, tumeshikana mabega kama wanaokanda udongo wa kujengea, kila mtu akilalamikia kiungo chake.

Seif siku ya kwanza hakuja. Siku ya pili alitokea, suruali kaikunja mpaka magotini.

"Injinia, umekuja kusimamia au kukanyaga?" mmoja wetu alimuuliza.

"Nimekuja kuwaonesha mnavyokosea," akasema, akaingia kwenye tope. Humaid akasogea kumpa nafasi. Ule ndio ulikuwa msamaha wao, sikusikia mwingine.

Leo ilikuwa zamu ya Bi Thuraya.

Humaid alifungua lango kule juu akatupigia simu. Sisi tulisimama kwenye ukuta wa shamba. Bi Thuraya alikaa juu ya ndoo aliyoipindua, mikono mapajani, anatazama mitende yake na si mfereji. Nilijaribu kusoma nyuradi nikajikuta narudia neno moja tu.

Maji ya mbele hayana sura ya maji. Kilichotokea kwenye kona ni ulimi wa rangi ya udongo, unasukuma majani makavu, nyuzi za mitende, na kipande cha brashi yetu. Ulikuja polepole mpaka pale karibu na ukuta, penye ufa ambao zamu zilizopita uliyameza yote. Pale ukasimama. Ukazunguka. Ukapungua kidogo, na mimi nikaona kimo kikishuka kwenye jiwe. Seif alikuwa akisema "Ya Latif" kwa sauti ambayo nadhani hakujua kuwa inatoka.

Kisha likatokea povu, ufa ukatulia, na maji yakapita.

Bi Thuraya alikuwa ameshasimama. Alinijia mimi moja kwa moja, na nakiri kwamba nilitegemea neno zuri.

"Ondoka hapo, ndugu yangu. Umeikanyaga njia ya maji."

Nikaruka pembeni. Akachukua gunia lililokunjwa, akaziba tundu la kwanza, akafungua la mitende, akabomoa tuta kwa mguu mtupu na kulijenga jengine kwa mkono, haraka, kama mtu aliyechelewa kazini. Hakutushukuru. Alitusahau kabisa, na sijui kama nimewahi kusahauliwa na mtu nikafurahi hivyo.

Simu yake ilikuwa juu ya ukuta, ikalia. Akaniuliza nani. Nikamsomea jina: Nasser.

"Mjibu wewe. Mikono yangu ina tope."

Nikajibu. Nasser aliuliza kwa adabu ni nani anayezungumza, na mama ana nini. Nilimwambia mimi ni mmoja wa watu wa falaj, na mama hana neno, anamwagilia.

Akauliza:

"Anamwagilia kwa maji gani?"

Nikainama, magoti yakalia, nikaisogeza simu karibu na tundu lililofunguliwa, pale maji yanapoanguka kwenye shina la mtende wa kwanza. Nikaiacha kidogo. Nikairudisha sikioni. Akasema basi, nimwambie mama asijichoshe, Ijumaa atakuja kumtazama.

Nikamfikishia. Bi Thuraya hakugeuka. Alikuwa ameshafika kwenye mindimu.

"Mwambie akija aje na jembe. Na aje peke yake."

Nikamwambia vile vile, neno kwa neno. Akacheka kidogo, akasema, "Inshallah, ammi," yaani ami yangu, akakata.

Sijui tope letu litashika mpaka lini. Huenda msimu mmoja, huenda tutalikanyaga tena. Zamu yake itarudi, na mimi nitakuwa ukutani natazama, mahali ambapo sizibi njia ya mtu. Shemsa ananiita kula, na nna njaa.