Kistari Nilichokiziba

Ijumaa, Juni 2012. Bertrams. Jua lipo lakini halina kazi. Baridi ya Joburg inaingia mpaka kwenye meno. Nimekaa kitandani na koti langu, na moyo hautaki kutulia tangu jana.

Nimewakosea maiti. Naandika hivyo nione kama kuliandika kutanipunguzia. Hakujapunguza.

Basi iko hivi. Mimi ni mchoraji wa mabango, kazi niliyojifunza kwetu Buyenzi, Bujumbura. Huku nafanya kazi na Papa Dewo, fundi wa mawe, Mkongo wa Uvira, mzee asiyejua kupandisha sauti. Tulipewa kazi ya kutengeneza makaburi ya askari wa Kipolandi, safu mbili kwenye pembe ya makaburi ya zamani. Walipigana Vita Kuu ya Pili, vita ilipokwisha kwao kukawa hakurudiki, wakaja kufia huku. Papa Dewo aliposikia habari hiyo alicheka kidogo, akasema, "Kumbe wakimbizi wenzetu." Tukang'oa majani, tukasugua kuvu. Yeye akawa anainua mawe yaliyolala, mimi naziba nyufa na kupaka herufi rangi nyeusi.

Sasa, majina yale yana herufi L iliyokatwa katikati na kistari cha mshazari. Mimi nikaona mkwaruzo. Nikasema wahuni wamepita hapa na msumari. Nikakiziba kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi, L ikatoka safi. Nikajisifu na kujisifu.

Jiwe la pili, kistari kilekile. La tatu pia.

Hapo ndipo ubaya wangu ulipo, na sitaki kujidanganya. Nilishtuka. Nilijiuliza ni wahuni gani hao wanaochagua herufi moja tu. Na orodha ya majina tulikuwa nayo! Bibi Zofia, yule bibi wa Kipolandi aliyetupa kazi, alituandikia kwa mkono wake mwenyewe. Karatasi ilikuwa hatua tano kutoka pale nilipochuchumaa. Nilikuwa nimeitandika chini ya kopo la rangi. Nikaona uvivu kuinuka.

Jana Bibi Zofia akaja kuangalia. Ana fimbo na kofia ya sufu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi la baba yake, akavua glovu, akapitisha kidole kwenye jina, akarudia, akarudia tena. Kisha akalisoma kwa sauti kama nilivyoliacha mimi.

"Huyu simjui," akasema kwa Kiingereza. "Baba yangu hakuitwa hivi."

Akatueleza kwamba ile kwao ni herufi kamili. Ikiwa na kistari husomwa kama W. Bila kistari, ni mtu mwingine amelala pale.

Akauliza nani kapaka.

Nikafungua mdomo. Wallahi niliufungua. Lakini Papa Dewo alishatangulia: "Ni mimi, Mama. Macho yangu yamezeeka." Mzee wa watu hata hakuligusa jiwe lile.

Nami nikanyamaza. Bibi akasema safu ya pili atatafuta watu wengine, akaondoka polepole akishikilia mawe. Ndani ya gari Papa Dewo hakunilaumu hata kidogo, aliniuliza tu kama nimekula. Eish. Bora angenitukana.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba hata mimi nimenyang'anywa herufi. Naitwa Ramadhani. Siku nilipokwenda kuomba hifadhi, karani aliandika alivyosikia yeye, Lamadhani, na jina hilo ndilo liko kwenye karatasi zangu mpaka leo. Wenzangu wamelifanya utani. Nimewahi kushikana mashati na mtu kwa ajili ya hiyo L. Mtu akigusa herufi yangu moja nawaka moto, halafu mimi nimewafutia marehemu zao na kujipongeza juu. Nyani haoni kundule.

Leo mchana nimetoka kuswali Fordsburg, jamaa mmoja akaniita toka ng'ambo ya barabara, "Lamadhani! Mbona umenuna?"

Nikaitika.

Nimerudi nyumbani, nikaitoa ile karatasi kwenye mfuko wa vifaa. Ina duara jeusi la kitako cha kopo. Ndani ya duara kuna majina, na kila L ina kistari chake, kimevutwa taratibu na kukolezwa wino mara mbili. Alijua tutakosea, ndiyo maana akakoleza. Chini kabisa kuna namba yake ya simu.

Nimepiga.

Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha kuombea kazi: si mzee, ni mimi, na karatasi ilikuwepo, sikuitazama. Mzee alinisitiri tu. Bibi akasema niende Jumatatu na tindo, nivifukue vistari vyote kimoja kimoja, naye atakaa pale kwenye kiti akiniangalia. Na niende na Papa Dewo, Bibi ana neno la kumwambia mzee. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumwomba.

Nilipotaka kukata akaniuliza jina langu. Nikamwambia. Akasema, ngoja kwanza nichukue kalamu, nitajie herufi moja moja, nisije nikakosea.

"R," nikasema.