Damu kwenye Karatasi ya Mkwe

Bi Borafya mpendwa, shikamoo, nnakuja kwako uso umeniinama, naomba unishauri na jina langu ulifiche, maana gazeti hili kwetu Amani husomwa mpaka likachanika.

Mimi ni msaidizi wa maabara katika kliniki moja ya meno hapa mjini, na tangu mwaka jana, 1970, daktari wetu anapima ufizi kwa njia mpya, nayo ni hivi: ufizi ukiwa na maradhi, chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili, huhama kutoka mishipani zikatokeza katika majimaji yaliyo baina ya ufizi na jino, nasi huchomeka hapo kijikaratasi chembamba kikayanyonya, kisha nakitia katika dawa, na kimeng'enya kilichomo ndani ya chembe hizo huigeuza dawa rangi, ikikoza sana ndipo tunajua askari waliohamia ni wengi na maradhi makubwa. Sharti ni moja, karatasi ikigusa damu itupwe, kwa sababu damu yenyewe huigeuza dawa rangi na kipimo kikawa cha uongo.

Sasa mwezi uliopita akaja mkwe wangu, mama yake mke wangu, nimwite Bi Mize ingawa silo jina lake, na muuguzi wetu wa kike hakuwapo, daktari akasema haya fanya wewe, basi Bi Borafya, mama huyu miaka sita sijapata kumtazama usoni, leo nimwambie afungue kinywa! Alifumba macho, buibui kalivuta mpaka kidevuni, nami nikageuza uso nikachomeka kwa kubahatisha, nikamchoma, karatasi ikatoka na nukta nyekundu, na kumwambia "mama, fungua tena" sikuweza, nikaipima vilevile nikaandika namba, na rangi yake ilikoza kuliko ya wagonjwa wote. Daktari alikuwa akisitasita, maana meno yanacheza kidogo tu, lakini alipoiona namba ile akaamua sita ya mbele yang'olewe tarehe ishirini ya mwezi huu. Nikisema, kazi naweza kuikosa na ukweni wote watajua. Nikinyamaza, sili silali. Nifanyeje?

Mwenye Haya, Amani

Bi Borafya anajibu:

Marahaba, mwanangu. Haya yako naijua, nimelelewa humo humo. Marehemu mume wangu akisikia mama yangu anakohoa ukumbini, yeye hutokea mlango wa uani. Kwa hivyo sikucheki. Lakini hebu niambie, nani aliyekufunza kuwa adabu ni kumng'oa mkweo meno sita? Loh!

Uligeuza uso, hilo la kibinadamu. Kosa lako si kumchoma. Nukta uliiona, sharti unalijua, tena umenieleza mimi kuliko mwalimu, na bado ukaandika. Hapo haya ilikwisha, ikaanza khiyana. Mficha maradhi kifo humuumbua, nawe unaficha maradhi ambayo huenda hata hayapo.

Barua yako imechelewa njiani, leo ni tarehe kumi na nne. Kesho asubuhi, kabla hajaingia mgonjwa wa kwanza, mwendee daktari umwambie: "Karatasi ya mkwe wangu ilikuwa na damu, nami niliipima." Maneno hayo tu, usianze kuzunguka. Mwombe kipimo kirudiwe, karatasi aishike muuguzi wa kike, wewe kaa na dawa zako chumba cha pili. Huenda rangi ikakoza vilevile. Ikiwa hivyo, basi meno yatoke kwa haki. Jioni mweleze mkeo, yeye ndiye atakayemfikishia mama yake, kama tufanyavyo siku zote kwa mambo yasiyosemeka ana kwa ana.

Kazi ikikutoka, utatafuta nyingine. Lakini ukinyamaza, siku ya Iddi utakwenda kumpa mkono mama huyo, naye atajiziba kinywa kwa ncha ya kanga, akuombee dua, akuite mwanangu. Utaitikia nini?